Sifa za Siafu, Makarani wa Sensa

Nyuki amesifiwa vya kutosha. Ana sura yake ndani ya Kurani, na asali yake inamtangaza kila soko. Chungu naye hana la kudai: Kurani imempa sura, na Mithali za Suleimani zinamtuma mvivu akajifunze kwake. Siafu peke yake, ndugu wa damu wa chungu, hana mtetezi. Tunamkumbuka siku ya msongamano tu, tukisema watu walijaa kama siafu, tena kwa kulalamika. Mimi ninayekaa kwenye barabara ya zamani ya Buta, pale ambapo Kisangani inakwisha na vichaka vinaanza, naona huu ni utovu wa shukrani. Leo nitamtetea, na anayetaka kununa anune.

Msimu wake ni huu, mwisho wa Agosti kuelekea Septemba. Kiangazi chetu si cha watu wa Dodoma. Tuko karibu kabisa na ikweta, mvua inatupa zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, na tunachokiita kiangazi ni wiki chache kati ya Juni na Agosti, na nyingine kati ya Desemba na Februari, ambapo mawingu hupunguza mkono. Hata hivyo zinatosha kubadilisha parseli. Njia ya toleka, baiskeli zetu za abiria, inatimua vumbi. Kombokombo, ule mti unaoota upesi kila shamba linapoachwa, unadondosha majani yake makubwa, nayo yanakauka na kujikunja chini. Usiku popo wakubwa wenye kichwa cha nyundo wanapiga honi zao kando ya maji wakitafuta wake, kelele ambayo mgeni huidhania karakana. Halafu alasiri moja inapiga mvua ya kweli. Jioni kumbikumbi wanatoka, watoto wanawakimbilia na mabeseni. Usiku wa pili au wa tatu wanaingia siafu.

Kabla sijaendelea, nikumbushe jambo moja la serikali. Taifa hili lilihesabiwa mara ya mwisho mwezi Julai 1984, wakati lingali likiitwa Zaire. Aliyezaliwa wiki iliyofuata huenda leo ni koko, yaani babu au bibi mwenye wajukuu, na hajawahi kuhesabiwa na mtu. Kitambulisho chake ni kadi ya mpiga kura. Wakazi wa Kisangani ni wangapi? Karatasi moja itakupa jibu, ya pili itakupa jingine, zote mbili zikiwa na muhuri. Tunaishi kwa makisio, na makisio yana faida zake, hasa kwa anayegawa bajeti. Siafu hawakisii. Wakija kwangu wanaanzia kwenye kuni, wanapita jikoni, wanapanda ukutani, wanaingia kila ufa, na asubuhi hakuna kiumbe chini ya paa langu ambaye hajapitiwa na kuandikwa. Sijui ofisi nyingine iliyofika huku kwa ukamilifu huo.

Taarifa yao hutangulia kwa sauti. Ukiwa macho utasikia majani makavu ya kombokombo yakichakacha, na upepo hakuna. Mke wangu husikia kabla yangu siku zote. “Papa, amka,” ananiambia, “wenye nyumba wamefika.” Hapo kila mtu anajua zamu yake. Mtoto mchanga anatolewa wa kwanza. Mbuzi wanakatwa kamba, banda la kuku linafunguliwa. Hili la kamba watu wa mjini hawalijui: mwenye miguu huru siafu hawana shida naye, atarukaruka, atajipiga mapaja, atakwenda zake. Hukumu yao ni kwa aliyefungwa, aliyezingirwa, au aliyevimbiwa. Wazee wanasimulia kwamba chatu akishakamata mnyama huzunguka kwanza kupeleleza kama kuna siafu, ndipo ameze, kwa sababu akishameza hawezi kukimbia. Sijamwona chatu akifanya hivyo, lakini namwamini. Nimeona watu wakubwa ambao wangenufaika na tahadhari hiyo.

Tukishatoka nje, ndipo sensa inaanza. Tunasimama uwanjani, tochi ya sola mkononi, na wapangaji wangu wanatoka mmoja mmoja. Mende wanadondoka kutoka darini kama mvua ya pili. Tandu anapita chini ya mlango, anajikunja, anarudi, hana pa kurudi. Nge anatoka kwenye viatu vya kanisani, na viatu ni vyangu. Chura mnene anaibuka chini ya mtungi wa maji, mahali ambapo watoto huingiza mikono kila siku kuchukua kikombe. Mjusi kafiri anarukia kwenye kamba ya nguo. Buibui anashuka amekumbatia kifuko cha mayai yake tumboni. Panya jike anakimbia kwenye boriti na kitoto mdomoni, anakiweka, anarudia kingine, na kwa mara ya kwanza namwonea huruma mtu anayekula mchele wangu. Mwaka uliopita alitoka pia nyoka mwembamba mweusi, ambaye hakuna aliyetaka kumuuliza alikuwa amehamia lini. Wote hawa walikuwa wakilala kwangu bila kulipa kodi. Ningeishi humo miaka mingine kumi nikijiita mwenye nyumba.

Inama uangalie wanavyofanya kazi. Kizingitini wamejipanga askari pande zote mbili za njia, wekundu wa kahawia, kichwa kikubwa kuliko sehemu nyingine zote, taya zimefunguliwa na kuelekezwa nje. Katikati yao wanapita wadogo, wembamba, wakivuta mguu wa mende ambao bado una miiba yake. Nilimsogezea askari mmoja njiti ya kiberiti. Aliikamata papo hapo, nikaiinua, akaning’inia nayo hewani bila kuonyesha kwamba jambo lolote limebadilika. Akikukamata kidole cha mguu, usimvute. Atakatika kiuno, na kichwa kitabaki kazini.

Tena hawana macho. Watenda kazi wote wa siafu ni vipofu, wanaongozwa na harufu na mguso, na humo ndimo ulimo uadilifu wao. Hawaoni kama paa ni la majani au la mabati. Hawajui kwamba huyu ni mchungaji, yule ni kapita, huyu mwingine ana mjomba Kinshasa. Matabishi, yaani hongo, hawapokei. Jirani yangu aliwahi kujaribu kuwapotosha kwa kuwamwagia petroli mlangoni. Walizunguka, wakaingilia dirishani, wakakuta chakula hakina ladha ya petroli, wakaendelea. Nyumba yenyewe ilinuka hadi Jumapili.

Na wote ni wanawake. Katiba yetu ya 2006 imeandika usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi, na ilibidi tusubiri hadi 2024 kumpata waziri mkuu wa kwanza mwanamke, Judith Suminwa. Siafu hawakuandika kitu. Mlinzi, mwindaji, mchukuzi, yaya wa watoto, wote ni mabinti wa mama mmoja. Mwanamume yupo, ana mabawa, mkubwa, mnene, tumbo limejaa kama soseji, na usiku hujipigiza kwenye taa ya baraza hadi mama bokilo, mama wa mke wangu, anapomfagia. Hana kazi nyingine isipokuwa kuoa. Akifanikiwa kukutana na msafara wa siafu, watenda kazi humkata mabawa na kumburuta hadi kiotani akatimize alichozaliwa nacho. Wanaume wa kitongoji chetu, nikiwasimulia hili, hubadilisha mazungumzo.

Nimemtaja mama bokilo, na hapa kuna sifa ambayo vitabu havina. Mila inataka mtu na mama wa mkewe wakae kwa adabu, wasitazamane ovyo, wasile sahani moja. Adabu hii tumeilinda vizuri, yeye na mimi, mchana kutwa na mwaka mzima. Usiku wa siafu tunajikuta tumesimama uwanjani bega kwa bega, yeye na kikwembe kimoja, mimi na suruali isiyo na vifungo, tunarukaruka na kujipiga miguu kwa mtindo mmoja. “Mkwe, mgongoni kwako,” ananiambia, na ananipiga kofi lililokusudiwa siafu. Sina hakika kama lote lilikuwa la siafu. Lakini asubuhi yake tunazungumza kwa urahisi zaidi.

Wenye elimu walimtambua zamani. Mwaka 1909 Wamarekani wawili, Herbert Lang na James Chapin, walitumwa na jumba la makumbusho la New York kuja kukusanya wanyama wa Kongo. Walizunguka bonde hili hadi 1915, Kisangani ikiwa Stanleyville. Walitafuta okapi, na watu wanawakumbuka kwa okapi. Lakini mizigo yao ilikuwa na chungu na siafu wengi hivi kwamba mtaalamu wa chungu William Morton Wheeler alipowaandikia kitabu, kikatoka 1922, kilizidi kurasa 1,100. Mwaka 1955 watafiti wawili, Raignier na van Boven, wakatoa kitabu kizima juu ya siafu wa Kongo peke yao. Makadirio yao yanatisha: kundi moja linaweza kufikia milioni 20, na malkia mmoja hutaga mayai milioni tatu au nne kwa mwezi. Jimbo letu zima la Tshopo, hata ukichukua makisio yenye ukarimu zaidi, halina watu wa kulingana na kundi moja. Wakitupigia kura tumekwisha.

Ukifuata barabara hii yangu ya Buta uendelee hadi Bas-Uele, utafika misitu ya Bili, ambako sokwe hukata fimbo ndefu, wakati mwingine kupita mita moja, wakazichovya kwenye kiota cha siafu, wakawasubiri wapande, kisha wakawala. Urefu wa fimbo ni heshima. Mtu hamkaribii kwa mita moja mdudu anayemdharau. Ndege wa msituni wao wamechagua urafiki: wapo wanaowafuata siafu siku nzima, wakiruka chini chini mbele ya msafara, wakidaka panzi na buibui wanaokimbia. Siafu anafukuza, ndege anakula, na hakuna aliyesaini mkataba.

Najua mashtaka yaliyopo, na la kwanza ni la kuku. Kuku anayeatamia hafungwi kamba, lakini amejifunga mwenyewe. Banda unaweza kulifungua wazi, wenzake wote wakatoka, yeye asitoke, na asubuhi utakuta manyoya na maganda yaliyosafishwa ndani na nje. Mke wangu hajanisamehe kwa kuku mmoja mwekundu aliyekuwa na mayai kumi na moja, na nikitaka kuandika sifa hizi inabidi nisubiri amekwenda shamba la mihogo. Simbishii. Nasema tu kwamba kila utawala una kodi yake, na hii angalau inajulikana tarehe yake, inatozwa mara moja, na anayeitoza haji kesho na stakabadhi nyingine. Aliyetega panya msituni naye atalalamika kwamba alikuta mtego umebaki na mifupa. Ni kweli. Lakini panya alikuwa amefungwa, na sheria tumekwisha kuisoma.

Kuna faida nyingine, nayo naithamini kuliko ya mende. Bila kufukuzwa ndani, nisingekuwa nje saa tisa ya usiku mwisho wa kiangazi. Mtu mwenye nyumba hulala. Siafu wamenilazimisha kusikia perere akipiga yowe juu ya mti, yowe linaloanza kama mlango mkavu na kuishia kama ugomvi. Wamenionyesha kwamba majani ya mangongo nyuma ya choo, ambayo mchana ni ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo, tu, usiku yana vyura wadogo wa kijani, mmoja kila jani. Kukipambazuka bado tuko nje, tunachoma ndizi za kupondea lituma kwenye moto wa uwanjani kwa kuwa jiko halijaachiliwa, na siku moja ya Septemba niliona mbayuwayu wa kwanza wakipita juu ya michikichi kuelekea mtoni. Wanatoka Ulaya, ambako majira ya joto yanakwisha na wadudu wanapungua. Wamevuka Sahara kuja kula wadudu wetu, na hawajaambiwa kwamba kuna wengine waliotangulia.

Saa mbili asubuhi siafu wamekwenda. Msafara wa mwisho unapita kando ya kisima, mwembamba, hauna haraka. Nyumba iko kimya na safi, hata kunguni hawamo, na kwa wiki tatu au nne hakuna kitu kinachokimbia ukiwasha taa. Mama bokilo anafagia miguu ya mende, mke wangu anahesabu kuku, mimi nakagua viatu.

Kwa mwaka huu nina ombi moja kwao, nalo nalitoa kwa heshima zote. Waanzie darini. Yule panya jike alipona pamoja na watoto wake, nadhani kwa kuvuka kwenye tawi la mwembe, na tangu Juni amerudi na ukoo wake wote. Tawi nimekwisha kulikata.