Kahawia, Alhamdulillah

Choo cha shimo kina adabu. Unakiachia mzigo, kinaumeza, hakikurudishii habari. Sisi tuliohamia kwenye masinki meupe ya kukalia, tena yenye taa juu, ndio tunaosomewa ripoti kila asubuhi bila kuiomba.

Shemeji yangu, mume wa dada, alishauriwa na fundi viatu kwamba juisi ya bitiruti inaongeza damu. Akanywa jagi zima jioni moja. Alfajiri tukasikia kishindo msalani, kisha sauti: "Mama Zuhura! Njoo peke yako!" Tukaenda wote. Amejifunga taulo, jasho linamtiririka, anamweleza dada zilipo karatasi za kiwanja na watu wanaomdai. Dada hakuchungulia hata sinki. Alilitazama jagi lililobaki na wekundu kwenye kingo. "Damu uliyoongeza ndiyo hiyo imetoka," akasema, akarudi kwenye chapati zake.

Rangi ya bitiruti kwa baadhi ya watu hupita tumboni bila kuvunjwa, ikatoka kama ilivyoingia. Hata mkojo hugeuka waridi. Siku moja au mbili, yameisha. Ila mtu ambaye hajagusa bitiruti akaona wekundu, huenda ni bawasiri, kuhara damu au tatizo jingine la utumbo, na hilo dada hana dawa yake jikoni.

Kahawia tuliyoizoea inatokana na nyongo. Ini huitoa ikiwa ya manjano na kijani, bakteria wa utumboni wakaigeuza. Ukiharisha hupita mbio kabla ya kugeuzwa, ndiyo maana unaona kijani. Ukishindilia kisamvu, vilevile. Lakini nyongo ikizibiwa njia, kwa mawe au kwa ini kuugua, choo hupauka, mkojo ukakoza, macho yakawa manjano. Kwa mtoto mchanga hilo halingoji: kama mirija ya nyongo imeziba, upasuaji hufaa zaidi ukifanywa kabla hajatimiza miezi miwili. Kule Taiwan, tangu 2004, wazazi hupewa kadi yenye picha za rangi, walinganishe na nepi. Kwetu kadi zinazosambazwa kwa bidii ni za michango ya harusi.

Nyeusi ndiyo yenye hila. Wajawazito wanaomeza vidonge vya madini ya chuma wanaijua, wala haiwatishi. Mzee jirani yetu hakuwa mjamzito. Alikuwa na magoti, na kwa ajili ya magoti alimeza diklofenaki kila siku, mara nyingi kabla hajala. Choo kikawa cheusi, kinanata, uvundo wake si wa kawaida: damu iliyovuja tumboni na kumeng'enywa njiani. Hakumwambia mtu. Kizunguzungu kilipozidi akajikongoja hadi zahanati, akakuta foleni, na mkwewe kakaa benchi la mbele kabisa. Mlango wa daktari hauna hata pazia.

"Mzee, unasumbuliwa na nini?"

"Magoti, daktari."

Akaandikiwa diklofenaki.

Kesho yake mkewe aliona alichokiacha mzee chooni baada ya maji kukatika. Akavaa khanga, akamshika mkono hadi zahanati, wala hakukaa kwenye foleni. Akasimama mlangoni: "Daktari, mume wangu anakunya lami!"

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Daktari, naye, akainuka kitini, na muda si mrefu mzee alikuwa kwenye gari la wagonjwa. Hospitali ya wilaya wakamwongezea damu, ya kweli, si ya jagi, wakasimamisha vile vidonge na kumtibu vidonda vya tumbo.

Aibu imemtoka kabisa. Juzi nimempitia barazani, amekaa na wenzake wanacheza bao. "Shikamoo mzee, umeamkaje?"

"Marahaba," akajibu, bila kuinua macho kwenye kete. "Kahawia, alhamdulillah."