Ukitoka Nalasi Kwenda kwa Kaizari: Mwongozo kwa Mgeni

Mtu wa Nalasi, huku Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyezoea sikiri na ngoma za jando, akiingia kasri la Kaizari wa Vienna anaweza kudhani muziki wa pale ni wa kusikilizwa. Sivyo. Ni wa kuonyesha mkubwa ni nani. Basi shika haya.

Usiulize wimbo ni wa nani. Kaizari Leopold I, aliyetawala kuanzia 1658 hadi 1705, alikuwa mtunzi yeye mwenyewe. Ukichoka na wimbo, ukamnong'oneza jirani, "Huu kautunga nani?", huenda mwenyewe ndiye aliyekalia kile kiti kirefu. Tikisa kichwa kwa upole. Wenyeji wote hufanya hivyo.

Kula kabla ya kwenda. Opera ya Cesti, *Il pomo d'oro*, ilipochezwa Julai 1668, iligawanywa siku mbili. Jumba la kuichezea lilijengwa mahsusi. Wa kukugawia ubwabwa usiku wa manane usimtarajie.

Jihadhari na wachezaji wenye kwato. Katika sherehe za harusi ya Leopold, Januari 1667, farasi walichezeshwa kwa muziki wa Schmelzer, mwanamuziki wa kasri. Uwanjani kwetu mtu akikukanyaga huomba radhi. Farasi hana desturi hiyo.

Usimwonee mwanamuziki wivu. Schmelzer alitumikia kasri kwa miongo, akapewa ukuu wa wanamuziki mwaka 1679. Mwaka uliofuata akafa kwa tauni. Mozart naye, Desemba 1787, alipewa cheo cha mtunzi wa kasri kwa gulden 800 kwa mwaka, wakati Gluck aliyemtangulia alikuwa akipokea 2,000. Kazi yake kubwa ikawa kutunga muziki wa dansi. Mkulima wa korosho aliyewahi kusubiri bei ya mnada atamwelewa Mozart bila mkalimani.

Ukikwama, kumbuka beni. Ngoma hiyo ilianza pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Ilikuwa na sare, gwaride na vyeo, kuanzia Kingi na Kaizari kushuka chini. Waliobebeshwa mizigo ya wakubwa waliwatazama wakubwa hao kwa karibu, wakaona kwamba kinachopigiwa tarumbeta ni cheo. Wakajigawia vyeo wenyewe, bila kuandika barua Berlin wala London. Alichokingojea Schmelzer hadi uzeeni, beni iliweza kukitoa kabla ya msimu ujao wa ngoma.

Kwa hiyo bawabu wa Vienna akikuzuia mlangoni na kukuuliza cheo, kaza uso, mjibu, "Kingi." Akitaka kujua Kingi wa wapi, mwambie wa beni. Aanze yeye kutafuta kwenye orodha yake.