Mwongozo wa Minecraft Usiochacha: Mambo 5, Kuanzia la Mwisho

Ninyi mnaoandika miongozo ya Minecraft kwa mapenzi tu, bila mshahara wala cheo, sogeeni. Kazi yenu ni kubwa: kuna mtoto anayeshuka mgodini kwa kuwaamini ninyi. Haya, tuhesabu!

5. Jitambulishe
Mojang, waundaji wa gemu hili, wanataka kazi ya shabiki itamke wazi kwamba si rasmi. Liandike hilo juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka. Kwani shabiki gani huficha jezi?

4. Fiksi zikae kando
Herobrine, yule jamaa wa macho meupe, hajawahi kuwamo kwenye gemu. Mojang wenyewe walitania katika orodha za mabadiliko kwamba wamemwondoa. Utani huo waachie wenyewe. Ukimtaja, mtaje kwenye ukurasa wa hadithi, mbali na orodha ya viumbe, mtoto wa watu asije akakesha akimwinda asiyekuwepo.

3. Usishangilie goli kabla mpira haujavuka mstari
Vimulimuli vilitangazwa kuwa vitakuja pamoja na vyura, tena viwe chakula chao. Ikabainika kwamba baadhi ya vimulimuli halisi ni sumu kwa vyura. Toleo 1.19 la Juni 2022 likatoka na vyura bila vimulimuli, ambavyo vilikuja 2025 vikiwa kwenye vichaka. Chura alinusurika, mwongozo ulioharakisha haukunusurika! Ya majaribio yatengee ukurasa wake.

2. Java au Bedrock? Sema!
Tangu toleo 1.9 la 2016, mchezaji wa Java, mojawapo ya aina mbili kuu za gemu hili, akipiga upanga husubiri nguvu zirudi. Wa Bedrock, ambayo ndiyo iliyo kwenye simu, hupiga mfululizo. Ukimpa huyu ushauri wa yule, umemsaidia zombi.

1. Kila dai na namba ya toleo lake
Kabla ya 1.18, iliyotoka Novemba 2021, dunia iliishia kimo cha 0, na wasaka almasi walichimba kwenye kimo cha 11. Sasa dunia inashuka hadi -64, na kadiri unavyozidi kwenda chini ndivyo almasi zinavyoongezeka. Waliosema 11 walisema kweli ya wakati wao. Lakini bila namba ya toleo, msomaji wa leo atajuaje? Mali bila daftari hupotea bila habari, na almasi ni mali! Sasisho likitoka, fungua gemu, chimba mwenyewe, ndipo urekebishe ukurasa. Usinakili kwa jirani. Huenda naye alinakili kwako.

Nawe msomaji, ukikuta kosa, usiishie kuguna. Mwambie mwandishi, na umtajie toleo unalocheza. Mwongozo wa mashabiki hubaki wa kweli kwa sababu mashabiki wenyewe wanaulinda.