Namna ya Kutimiza Sheria Mpya ya Ujenzi Ziwani Bila Kujenga Chochote

Tangu tarehe 1 Machi 2025, Kenya inatumia Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024. Zilizotangulia zilikuwa za 1968, na hata hizo zilipotoka, mtaa wetu wa Ziwani, Nairobi, ulikuwa umekwisha kulea kizazi kizima, kwani nyumba hizi za baraza la jiji zilijengwa miaka ya 1940. Kwa hiyo mkaaji wa Ziwani asitishike. Nyumba yako ina umri mkubwa kuliko sheria zote mbili, na kwa desturi yetu mdogo ndiye anayeamkia.

Kabla ya yote, mjue mwenye nyumba. Wenzako wa mtaa wa Pipeline wana landilodi mwenye jina, namba ya simu na kitambi. Wewe landilodi wako ni kaunti. Sasa fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, usome polepole: mipango na nyumba, kaunti, usambazaji wa stima na gesi pamoja na usimamizi wa nishati, kaunti, zimamoto na majanga, kaunti. Maana yake anayekudai kodi, anayepaswa kuhakikisha nyumba anayokukodisha ni salama, na anayekuja na gari jekundu ikishika moto, ni mmoja. Ukiwa na malalamiko kuhusu nyaya zilizochakaa, mwandikie kama landilodi, umpe nakala kama mkaguzi, na nakala nyingine kama zimamoto. Mwombe ajishtaki, ajitolee ushahidi na ajitoze faini. Jibu lisubiri ukiwa umekaa.

Tuje kwenye matumizi bora ya nishati, ambako Ziwani tumefaulu bila kusoma. Wataalamu wanalipwa kufundisha watu kuzima taa wasizotumia. Wewe unaye mwalimu ukutani, ile mita ya tokeni inayoanza kulia saa nne usiku wakati M-Pesa ina shilingi kumi na saba. Hakuna semina ya hoteli ya Naivasha inayobadilisha tabia kwa kasi hiyo.

Maji moto nayo usiyahofie. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipashe angalau asilimia 60 kwa jua. Piga hesabu: watu sita, kila mmoja beseni la lita kumi, ni lita 60. Umepona. Na hao wenye kuoga kila siku asubuhi na jioni ndio wa kuulizwa wanatoka kazi gani. Ukitaka kuwa raia mwema zaidi, jaza jerikeni la lita 20, lile la manjano lililopauka, uliweke juu ya mabati asubuhi, ulishushe saa kumi. Huo ni mtambo wa jua. Leseni yake ni kumwambia jirani asilichukue.

Sasa chumba cha mabati, kile ulichopachika ubavuni mwa nyumba ya kaunti kijana alipobalehe. Hapa ndipo pana utaalamu. Mchana ni tanuri na Julai usiku ni jokofu, na kila mwenye akili amekwisha kupata dawa: katoni. Unafungua zile za televisheni na za sabuni, unazipanga ukutani, unazibana kwa misumari yenye vifuniko vya soda ili zisichanike, kisha juu yake unatandika karatasi ya nailoni yenye maua. Joto linabaki ndani, upepo unabaki nje, na chumba kinapendeza hata mgeni akija. Ukiziba na dirisha kwa gunia, kisha ukaingiza jiko la makaa lipashe chumba mpaka asubuhi, utakuwa umefikia kiwango cha juu kabisa cha kuhifadhi nishati, kwa sababu maiti haitumii stima. Gesi ya makaa haina harufu wala haibishi hodi.

Kama kuna mtu atakucheka kwa hizo katoni, mwambie Waingereza walifanya hivyo hivyo kwa pesa nyingi. Jengo la Grenfell kule London lilikuwa la baraza pia, ghorofa 24. Likavalishwa vazi jipya la nje katika ukarabati uliokamilika 2016, lihifadhi joto na kupendeza machoni. Lile vazi lilikuwa na plastiki katikati ya bati. Tarehe 14 Juni 2017 moto ukaanzia kwenye friji ya ghorofa ya nne, ukatoka dirishani, ukapanda ukuta mpaka juu. Wakafa watu 72. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku vitu vinavyoshika moto kwenye kuta za nje za majengo marefu ya makazi. Wao walihitaji maiti na tume ya uchunguzi. Sisi tunahitaji tu fundi wa stima apitishe waya wake nyuma ya katoni, na amekwisha kuupitisha.

Waya huo unatoka kwenye soketi moja, unaingia kwenye ekstensheni, inayolisha ekstensheni nyingine, inayolisha friji, redio, pasi na mashine ya kinyozi wa jirani, ambaye hulipa mia mbili kwa mwezi na ni mtu wa heshima. Ukiugusa ukaukuta una joto, usiseme ni hatari. Sema ni nishati inayopotea, uweke nguo mbichi karibu.

Mtungi wa kuzima moto utundikwe mahali wageni watauona. Una kisaa kidogo chenye mshale. Mshale ukiwa kwenye kijani, kaa. Ukiwa kwenye nyekundu, geuza mtungi utazame ukuta. Mtungi wa gesi wa kilo sita nao uwekwe mlangoni, ili mkikimbia moto mpate kuuaga. Watu wa tahadhari hupaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira na kutazama kama litatoa mapovu. Wajuaji hutumia kiberiti, na ndiyo maana wajuaji hawazeeki.

Kwa wenye karakana, wale wanaochomelea vyuma hatua mbili kutoka marobota ya mitumba, kuna kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini. Zinataka ukaguzi wa moto kila miezi kumi na miwili, na zoezi la kuhama angalau mara moja kwa mwaka. Zoezi tunalo. Mtu akipiga kelele tu "Kanju!", yaani askari wa kaunti, mtaa mzima unakuwa nje kabla ya dakika kuisha, bidhaa begani, watoto wamehesabiwa. Sioni kengele itaongeza nini.

Njia ya gari la zimamoto ipimwe kwa godoro. Watu wawili wakipita na godoro la tano kwa sita bila kulikunja, hiyo ni barabara kuu. Kituo hakiko mbali, kiko Tom Mboya Street, barabara yenye jina la mtu aliyeanza kazi kama mkaguzi wa afya wa baraza la jiji, akikagua vitu kama hivi. Kikwazo ni mzunguko wa Kariokor saa kumi na mbili jioni. Gikomba, jirani zetu, wanaijua hadithi hiyo: Juni 2018 moto uliua watu 15 pale, na haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kwa hiyo panga moto wako uwe saa tisa usiku, siku isiyo ya mvua.

Haya yote ni ya muda. Ziwani imo katika orodha ya mitaa ya kaunti ya kubomolewa na kujengwa ghorofa, na huko juu mambo yatakuwa ya kisasa: lifti, mabomba ya maji ya zimamoto kila ghorofa, ngazi za dharura zenye mlango mzito. Siku ya kukabidhiwa funguo usipoteze muda kukagua vigae vya choo. Panda mpaka kwenye mlango huo wa dharura, usukume. Ukikuta kufuli, uliza ufunguo uko kwa nani. Ni wa keateka. Uliza analala wapi. Ukijibiwa Kayole, chukua nyumba ya ghorofa ya kwanza.