Kuivisha Pikipiki Nguo, Wete

Mashine ya kukatia stika usiinunue kwanza. Vijana wengi wanaoitaka kazi hii huanzia hapo hapo: anakopa kwa ami yake, anapanda boti mpaka Dar es Salaam, anazunguka Kariakoo mpaka miguu inavimba, anarudi na boksi kubwa kuliko kitanda chake. Mashine inawekwa ukumbini, mama anaifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, na miezi mitatu inapita haijakata hata herufi moja, kwa kuwa mwenyewe hajui kuchora. Anza na wembe, rula ya chuma na nusu mita ya karatasi ya stika. Kata jina la mwanao kwa mkono. Likipinda, kata tena. Mkono ukishazijua kona za herufi S, mashine utaitawala. Ukiitanguliza, itakutawala yenyewe, tena kwa deni la ami.

Wakati mkono unajifunza, kakae na madereva kijiweni uangalie. Boxer ni zilezile, TVS ni zilezile, nyekundu na nyeusi na buluu, zote zimetoka kiwandani na michirizi ya aina moja. Mwenye chombo anataka jambo moja: aliye ng'ambo ya barabara ajue kwamba hii inayopita ni yake na si ya mwengine. Hicho ndicho unachokiuza. Karatasi na gundi ni vifaa tu.

Na watu wa pwani hatukuianza jana kazi ya kupamba vyombo. Mtepe ulichorwa macho kwenye omo. Jahazi lina jina, kanga ina jina, daladala ina usemi wake mgongoni. Sasa inakuwaje pikipiki ya Mpemba ibandikwe kichwa cha mbwa mwitu anayekenua meno, na chini yake maneno ya kigeni ambayo dereva akiulizwa maana yake anatazama pembeni? Mbwa mwitu huyo hajawahi kuonekana Mtambwe wala Konde. Mnyama tunaye wetu. Popo wa Pemba haishi popote duniani ila kisiwani hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa kuwindwa, watu wakaamka kumlinda, na leo unaweza kwenda Kidike ukamwona ananing'inia mtini mchana kweupe. Manyoya yake ni ya hudhurungi, na mabawa akiyakunjua yanafika kama mita moja na nusu. Mchore kichwa chake juu ya tangi, bawa moja lishuke kulia na jengine kushoto: tangi lenyewe limeumbwa kwa ajili hiyo. Kuna na ng'ombe wa mchezo wa ng'ombe, kainamisha pembe. Kuna shada la karafuu, ambalo ukilichora vizuri mzee yeyote wa Wete atasimama alitazame, ahesabu na vikonyo vyake.

Kubandika ndiko kunakomtenga fundi na mbandikaji. Fanya asubuhi, kivulini. Tangi lililokaa juani mpaka adhuhuri linaidaka gundi kabla hujaiweka stika mahali pake, na ukiivuta inakatika. Futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana mafuta ya mkono hayaonekani lakini yapo. Chukua kipimo kwa karatasi ya kawaida iliyobandikwa juu ya tangi, si kwa macho. Pulizia maji yenye tone la sabuni, laza stika, anza katikati ukisukuma maji kwenda nje kwa kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa. Tangi limepinda huku na huku, kwa hiyo makunyanzi yatakuja pembeni. Usiyakandamize, inua ukingo, pasha kwa draya ya saluni, vuta taratibu, laza tena. Kona zote ziwe mviringo, kwani kona kali ndiyo inayoanza kuinuka. Na mdomo wa tangi uachie nafasi ya vidole viwili kuuzunguka. Petroli inamwagika hapo kila siku, na petroli inayeyusha gundi. Kisha mwambie mteja asioshe chombo mpaka kesho, na umwambie mara mbili, kwa sababu anatoka kwako anakwenda moja kwa moja kuosha.

Sasa wateja wenyewe. Atakuja mmoja aseme:

"Fundi, nitilie kijani na njano."

"Ya Yanga au ya Chama?"

"Ya Yanga, lakini Chama nacho kisikasirike."

Muulize hivyo hivyo, kwa uso mkunjufu, usikisie. Hapa kwetu rangi ina mwenyewe: zambarau nayo ni ya chama cha ACT-Wazalendo, na mtu aliyependa zambarau kwa uzuri wake tu atajikuta anajibu maswali njia nzima mpaka Chake. Wewe fanyia wote, kwa ubora uleule. Banda likigeuka tawi, uchaguzi wa Oktoba utapita na Novemba utakosa nusu ya wateja.

Mwengine atataka jina la Mwenyezi Mungu au aya kwenye madigadi ya nyuma. Mkatalie kwa adabu. Pale panaruka tope. Mwoneshe nafasi ya juu, mbele ya usukani, na wengi hushukuru kwa kukumbushwa. Akitaka nembo ya timu, mtilie rangi za timu na maneno aliyoyatunga yeye. Nembo ina mwenyewe, na Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003. Wala usizibe namba ya chombo, wala taa. Na kama anataka pikipiki nyekundu igeuke nyeusi nzima, mkumbushe kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya chombo, na aliyesimama barabarani anajua kusoma.

Pesa ya Wete ina majira. Karafuu zikishaanikwa, zikakauka na kuuzwa kwa shirika la ZSTC, kila mtu ana jambo la kubandika, na siku hizo hutalala. Msimu ukipita utasikia "nitakupa tukichuma." Mpende jirani yako, lakini chukua nusu kabla wembe haujagusa karatasi. Stika ya "Mpewa Hapokonyeki" mteja akiikimbia utamuuzia mwengine jioni hiyohiyo. Iliyoandikwa "Baba Nassra" utamuuzia nani? Kisiwa kizima utazunguka ukitafuta mwanamme mwenye binti Nassra, pikipiki na hela.

Saini kazi yako. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa aliweka "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na mpaka leo mwanamke anaugeuza upindo kuitafuta alama hiyo kabla hajauliza bei. Nawe weka jina la banda na simu, herufi ndogo, chini ya kiti upande wa kushoto. Ukiona haya kuitia saini kazi fulani, basi haijesha. Ibandue uifanye upya kwa gharama yako.

Kubandua nako jifunze mapema, maana pikipiki huuzwa, na anayenunua hataki kupita Wete nzima akiitwa kwa mtoto wa mwenziwe. Pasha kwa draya mpaka stika ilainike, inua ukingo kwa ukucha, si kwa wembe, vuta polepole ukiikunja nyuma juu ya yenyewe, na gundi iliyobaki ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni. Rangi ya chini itoke salama bila mkwaruzo. Toza bei yake. Akimaliza kulipa, mteja bado yumo bandani mwako na pikipiki iko uchi. Muulize yeye ni baba nani.