Pointi za Elki

Kule Colorado, Marekani, mtu hashiki bunduki akaingia porini hivi hivi. Kwenye vitalu vinavyogombewa, kibali cha kumwinda elki, yule kulungu mkubwa wa huko, hutoka kwa droo. Ukikosa, unapewa pointi moja kama kifuta machozi, mwakani urudi foleni. Vipo vitalu vinavyodai pointi zaidi ya 20. Aliyeanza kuomba akiwa na nywele kichwani, siku akipata atalenga shabaha kwa miwani. Na ili uruhusiwe kuomba tu, sharti kwanza ununue leseni nyingine, hata ile ya sungura na ndege. Yaani haki ya kukosa nayo inalipiwa!

Lakini mwindaji wetu hachoki. Majibu hayajatoka, naye kila alfajiri anapanda ngazi na mfuko wa mchanga mgongoni, mkewe kanyamaza. Kanunua darubini, buti, na kipenga cha kuigiza mlio wa elki jike. Msimu wa bunduki, sheria inamtaka avae rangi ya chungwa inayowaka. Tangu 2016 hata ya waridi inakubalika. Akikosa tena, avae akaendee sokoni. Si keshalipia?