Sifa za Umbali wa Maniema

Washairi wamesifu bahari, mvua, uso wa mpenzi, hata kahawa. Umbali umeachwa bila wakili, kila msafiri akiulaani. Leo nausimamia mimi, hasa huu wa jimbo letu la Maniema, huku Kongo, usio na mfano kwa adabu.

Kwanza, ni mkarimu. Kutoka uwanja wa ndege wa Kindu, mji mkuu wa jimbo, hadi ule wa N'djili, Kinshasa, ni kama kilomita 1,170 kwa mstari ulionyooka, na jeti huzimaliza kwa chini ya saa mbili. Tena Maniema hufuata saa ya mashariki, Kinshasa ya magharibi. Ruka Kindu saa nne asubuhi, utatua Kinshasa saa yao ikisoma tano. Umezawadiwa saa nzima bila jasho! Ukirudi utanyang'anywa, lakini dawa ya deni ni kulipa.

Pili, una heshima kwa wenye nacho. Tajiri akitokea, hujikunja. Maskini akitokea, hujinyoosha. Lubutu na Kindu zimo katika jimbo moja, na kwa mstari ulionyooka zimetengana kwa kama kilomita 250 tu. Lakini mkazi wa Obokote, kule Lubutu, akiitwa Kindu kufuata karatasi yake, mvua zimenyesha na malori yamezama kwenye tope njia ya Punia, afanyeje? Akiwa na nauli, huelekea kaskazini hadi Kisangani, anaupa mgongo mji anaoutaka, kisha anapanda ndege ya kumrudisha kusini. Kilomita 250 zimezaa karibu 600. Nani mwingine ana rutuba kama hiyo?

Tatu, unajenga mwili. Mtazame kijana anayesukuma baiskeli iliyobeba mabidoni ya mawese na gunia la mchele. Haipandi, haina pa kukalia. Amefunga kijiti kwenye usukani aiongoze akitembea ubavuni, na kingine nyuma ya kiti, cha kusukumia. Kwenye mlima wenzake huja kumsaidia. Mtelemko ukifika, kisigino chake ndicho breki. Wakubwa wa mjini hulipia mazoezi. Yeye anayapata bure, na mchele juu yake.

Nne, ni mlinzi hodari. Unawakinga viongozi wasione mashimo, kwa kuwa kutoka angani msitu wote ni kijani kibichi na barabara ni uzi mwekundu wa kupendeza. Anayesafiri kwa ndege atasema kwa moyo safi kwamba barabara ameiona.

Wala msiseme Lubutu haikupata kamwe barabara nzuri. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, wakimbizi wa Rwanda walipojazana kambini Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, ndege za misaada zilitua juu ya barabara yenyewe. Dunia ilipotaka kufika, ilifika. Hapo ndipo sifa zangu zinapokwama, maana umbali uliotii siku ile ungeweza kutii siku nyingine zote.

Basi wakili akiri: mteja wangu hana kosa. Kilomita hazikuongezeka tangu mto Lualaba uanze kutiririka. Kilichopungua ni madaraja na changarawe. Waheshimiwa wa jimbo, safari ijayo kutoka Kindu kwenda Lubutu, acheni ndege. Nendeni kwa gari, wakati wa mvua, mkiwa na koleo.